Nilipekua Picha Zilizoharibika Kabla ya Kununua Kamera ya Ghali Zaidi

Swali la kubadilisha kamera huwa haliji peke yake. Huja limeambatana na maelezo ya mtengenezaji, video za watu wanaoitoa kamera mpya kwenye boksi, na sampuli za picha zilizopigwa na mafundi waliobobea, katika mwanga waliouchagua wao wenyewe. Kwa muda sasa nimekuwa nikilipima swali hilo kwa upande wangu. Kamera ninayotumia ni ya kioo, yaani ndani yake mna kioo kinachopeleka picha kwenye kitundu cha kutazamia, ina kihisi (kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu) kidogo cha takribani milimita 23.5 kwa 15.6 chenye megapikseli 24, na lenzi ninayoitumia zaidi ni ile iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55 (namba ndogo huona upana, namba kubwa huvuta karibu). Kamera ninayoitamani haina kioo, kihisi chake ni cha milimita 36 kwa 24, ina megapikseli 45, na bei yake ni mara kadhaa ya ile niliyolipa mara ya kwanza. Ninapiga picha za watu: wachezaji wakiwa jukwaani, wazungumzaji ukumbini, watoto wakikimbizana, ndugu wakiwa pamoja jioni taa zinapowashwa. Karibu mambo hayo yote hutokea ndani ya jengo au baada ya jua kuzama, na hakuna hata moja linaloweza kurudiwa kwa ajili ya mpiga picha.

Nilianza na kanuni moja, kwamba kamera isipimwe kwa picha zilizofanikiwa. Picha iliyofanikiwa huthibitisha tu kwamba siku hiyo chombo kilitosha. Haielezi lolote kuhusu mahali uwezo wake unapokoma. Zinazoeleza hayo ni picha zilizoharibika, zile ambazo mtu huzifuta harakaharaka kwa kuwa zinaudhi. Mimi huwa sizifuti mpaka kazi yote iishe, kwa hiyo nilikuwa na folda iliyojaa. Kila faili linalotoka kwenye kamera ya kidijitali hubeba kumbukumbu za lenzi iliyotumika, ukubwa wa tundu lake, kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) na kiwango cha ISO (kipimo cha jinsi kamera inavyokuza mwanga hafifu), na programu yoyote ya kupangia picha inaweza kuzionyesha kumbukumbu hizo. Nilizipitia moja baada ya nyingine, nikizikuza mpaka pikseli zikaonekana, na kwa kila moja nikatafuta ni kitu gani hasa kilichoiharibu.

Sababu zilijirudia mno. Ipo picha moja ya mchezaji akiwa katikati ya jukwaa, uso wake umetulia kiasi kwamba kope zinahesabika, lakini mikono yote miwili imegeuka ukungu mweupe kuanzia kwenye viwiko. Kumbukumbu za faili zinasema shata ilikaa wazi kwa 1/60 ya sekunde, ISO ilikuwa 6400, na tundu la lenzi lilikuwa f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hapo ndipo nilipoiona habari nzima. Lenzi hiyo inapovutwa mpaka milimita 55, f/5.6 ndiyo tundu kubwa kuliko yote inayoweza kufungua. ISO nayo nilikuwa nimeipandisha mpaka chenga, yaani vidoadoa vya picha ya gizani, zimeanza kula rangi ya ngozi. Ili kuikamata mikono ya mchezaji nilihitaji kasi ya 1/500 hivi, na kutoka 1/60 kwenda 1/500 ni kuupunguza mwanga unaoingia mpaka sehemu moja tu ya nane. Kwa lugha nyingine, nilikuwa nimepungukiwa na mwanga mara nane, na kila picha yenye kasoro kama hiyo, kundi langu la kwanza, ilikuwa na hesabu inayokaribiana na hiyo. Kitulizo cha mtikisiko, kinachosifiwa sana katika kamera mpya, kisingenisaidia, kwa sababu hutuliza mkono wa anayepiga, si mkono wa anayepigwa.

Basi suala likawa ni nani anaweza kunipa mwanga huo. Kihisi kikubwa kina eneo la milimita za mraba 864, na changu kina takribani 367. Tofauti ni mara 2.4 hivi. Ukiwa na tundu lilelile na kasi ileile, kihisi kikubwa hukusanya mwanga mara 2.4 zaidi kwa picha nzima, na faida hiyo ni ya kweli. Inafaa kueleza inavyofanya kazi, kwa sababu maneno mengi husemwa juu ya chenga bila kutaja chanzo chake. Mwanga hufika kwenye kihisi kwa chembe, na chembe hizo haziji kwa mpangilio ulio sawa. Ukitandaza bakuli uwanjani mvua inapoanza kunyunya, bakuli moja litapata matone matatu na la jirani saba, ingawa mvua ni ileile. Mvua ikinyesha kwa muda mrefu, tofauti hiyo huwa ndogo mno ukiilinganisha na maji yaliyojaa. Chenga katika picha ya gizani kwa sehemu kubwa ni tofauti ya aina hiyo kati ya pikseli na pikseli. Kihesabu, ukiuongeza mwanga mara nne, chenga hupungua kwa nusu tu ikilinganishwa na picha yenyewe. Kwa hiyo ongezeko la mara 2.4 hupunguza chenga kwa kiasi ambacho jicho linakiona, lakini halikaribii mara nane nilizozihitaji.

Tundu la lenzi lina hesabu tofauti kabisa. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ikilinganishwa na ile yangu iliyokomea f/5.6 kwenye milimita 55, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Mara kumi, kwa kamera ileile niliyo nayo. Na lenzi ya namna hiyo, kwa watengenezaji karibu wote, ni miongoni mwa zile za bei nafuu zaidi kwenye orodha yao, kwa kuwa muundo wake umejulikana kwa miaka mingi na vioo vyake si vingi. Nilipoziweka hesabu hizi mbili pamoja, sehemu kubwa ya hoja yangu ya kutaka kihisi kikubwa ilipungua nguvu. Picha ya mchezaji yule ilihitaji lenzi, na ilikuwa ikihitaji lenzi tangu siku ilipopigwa.

Sitaki kuipamba lenzi hiyo kupita kiasi. Haivuti wala haisukumi; anayeitumia hulazimika kusogea kwa miguu. Kwenye kihisi kidogo, milimita 50 huona upana ambao kihisi kikubwa huuona kwa milimita 75, yaani inafaa kwa jukwaa na nyuso lakini inabana ndani ya chumba chenye watu wengi, ambako ya milimita 35 hustahili zaidi. Kumbukumbu za faili zilinisaidia hapa pia: picha zangu nyingi zilikuwa zimejikusanya kwenye milimita 35 na kwenye 55, huku nafasi ya katikati nikiwa siitumii sana. Ninamshauri kila anayefikiria kununua lenzi aanze kwa kutazama takwimu zake mwenyewe za namna hiyo, kwa sababu mazoea ya mtu hayafichiki humo.

Kuhusu kihisi cha 36 kwa 24 na heshima kubwa kinachopewa, historia yake inasaidia kuweka mambo mahali pake. Kipimo hicho kilitoka kwenye filamu ya sinema ya milimita 35. Oskar Barnack, aliyekuwa akifanya kazi kwa Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, aliilaza filamu hiyo na kuchukua nafasi ya fremu mbili za sinema kwa picha moja, na kamera iliyotokana na wazo hilo, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925 ikijulikana kama kamera ndogo ya kubeba mkononi. Leo zipo kamera za kidijitali zenye kihisi cha milimita 44 kwa 33, zinazokizidi kile tunachokiona kuwa ndicho kilele. Hakuna ukubwa ambao ukiufikia picha hukamilika. Kila ukubwa ni mapatano kati ya mwanga, uzito na fedha.

Megapikseli sitazijadili kwa kirefu. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000, na ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13 bila kuinyoosha. Yenye pikseli 8256 kwa 5504, ambayo ndiyo ya megapikseli 45, inaongeza urefu wa upande kwa asilimia 38 tu, ingawa idadi kwenye tangazo inaonekana kama imekaribia kuwa maradufu. Skrini ya 4K huonyesha pikseli milioni 8 na ushei. Nikon D3, kamera iliyotoka mwaka 2007 na kubebwa na wapiga picha wengi wa michezo na wa magazeti, ilikuwa na megapikseli 12. Anayepiga ndege walio mbali na kulazimika kukata sehemu kubwa ya picha atazifurahia pikseli za ziada, na vilevile anayechapa mabango ya kutazamwa kwa karibu. Mimi si mmoja wao.

Kufikia hapo ningeweza kuufunga mjadala kwa kusema nunua lenzi, acha kamera. Ushauri huo umeandikwa mara nyingi, na mara nyingi ni wa kweli. Lakini folda yangu ilikuwa na kundi la pili, na kundi hilo halikukubali jibu rahisi.

Picha ninayoikumbuka zaidi katika kundi hilo ni ya msichana anayezunguka kwa kasi, sketi yake imefunguka, taa ya upande imemwangukia begani. Mpangilio wake ni ule ambao mtu huungoja jioni nzima. Nikiikuza, nyuzi za pazia lililo nyuma yake zinaonekana moja moja, mpaka mshono wa pindo, ilhali uso wake umefifia. Mwanga ulitosha na kasi ilitosha. Kamera ilishika pazia badala ya mtu. Zilikuwapo nyingine za aina hiyo: mtoto anayekimbia kuelekea kwenye kamera, fokasi (pale picha inapoonekana wazi kabisa) imebaki pale alipokuwa hatua moja iliyopita, mzungumzaji aliyegeuza kichwa, fokasi imeng'ang'ania kipaza sauti.

Hapa ndipo lenzi ya f/1.8, badala ya kutatua tatizo, hulifanya lionekane zaidi. Ukimpiga mtu aliye mita mbili kutoka kwako kwa milimita 50 na f/1.8 kwenye kihisi kama changu, kina cha eneo lililo kwenye fokasi ni takribani sentimita 11 hadi 12, nusu yake mbele na nusu nyuma ya pale ulipolenga. Ukilenga bega la mbele la mtu aliyesimama kimshazari, jicho la mbali linaweza kuwa limetoka nje ya kina hicho. Lenzi yangu ya f/5.6 ilikuwa ikinisamehe makosa ya kulenga kwa sababu kina chake kilikuwa kinene. Lenzi yenye tundu kubwa haisamehi. Kwa hiyo kadiri ninavyolitatua tatizo la mwanga kwa lenzi, ndivyo ninavyoutegemea zaidi mfumo wa kulenga, na mfumo huo umo ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Uhusiano huu sikuuona ukielezwa vya kutosha mahali popote, nami nauona kuwa kiini cha uamuzi wote.

Niliazima kamera ile ya ghali kwa rafiki, pamoja na lenzi yake ya milimita 24 hadi 70 yenye f/2.8, nikaenda nayo kwenye ukumbi ninaoufahamu. Lazima niitendee haki. Mara tu mchezaji alipoingia kwenye fremu, kisanduku kidogo kilitua juu ya jicho lake na kubaki hapo. Alipogeuka na kunipa mgongo, kisanduku kilihamia kichwani. Alipomaliza mzunguko, kilirudi kwenye jicho kabla mimi sijawahi kufikiria la kufanya. Kazi yangu ikabaki kuangalia mpangilio na kungoja wakati. Nilipozikagua picha baadaye, zile zilizoshika pazia zilikuwa zimetoweka karibu zote. Hiyo ilikuwa tofauti kubwa kuliko nyingine yoyote niliyoiona, na ilinifurahisha kwa dhati.

Hata hivyo nilijitahidi kutenganisha kilichotoka wapi. Usafi wa picha zile ulitokana kwanza na lenzi: f/2.8 huingiza mwanga mara nne kuliko f/5.6, wakati mchango wa kihisi ulikuwa zile mara 2.4. Kamera ya kuazima mara nyingi huja na lenzi nzuri, na sifa za lenzi huandikwa kwa jina la kamera. Anayefanya jaribio la namna hii azihesabu kila moja peke yake. Na ule uwezo wa kulifuata jicho haukutoka kwenye ukubwa wa kihisi hata kidogo. Katika kamera ya kioo, mtu anapotazama kupitia kitundu, fokasi hupimwa na kihisi kingine kidogo kilicho chini ya kioo, chenye nukta chache zilizotawanyika, ambazo kwa mfano wa kamera yangu zimejikusanya katikati ya fremu. Kamera isiyo na kioo hupima fokasi kwenye kihisi kilekile kinachopiga picha, karibu eneo lote, na kwa kuwa inaiona picha yenyewe, programu yake inaweza kutambua uso, jicho, hata mnyama. Teknolojia hiyo imeenea mwaka hadi mwaka, na sasa imo ndani ya bodi ndogo zenye kihisi cha ukubwa kama wa changu, ambazo bei yake iko mbali sana chini ya ile niliyokuwa nikiiwazia.

Ugunduzi huo ndio ulionigeuza. Nilikuwa nimepanga kulipia eneo la kihisi na wingi wa pikseli, ilhali picha zangu zilizoharibika zilikuwa zikidai vitu viwili vingine, tundu kubwa na fokasi inayomfuata mtu, ambavyo vyote vinapatikana bila kupanda ngazi nzima.

Gharama zinazofuata baada ya bodi nazo ziliongeza uzito upande huo. Lenzi zilizotengenezwa kwa kihisi kidogo zikifungwa kwenye kamera ya kihisi kikubwa hufunika sehemu ya katikati tu. Katika megapikseli 45 zitabaki takribani 20, na aliyelipia zote atakuwa anatumia chini ya nusu mpaka anunue lenzi mpya. Faili ghafi lisilobanwa, lile ambalo kamera haijalichakata, likiwa la megapikseli 45 hukaribia kuwa maradufu ya langu la 24, na tofauti hiyo hujirudia kwenye kadi, kwenye diski na kwenye subira ya kompyuta. Halafu upo uzito. Bodi ya kihisi kikubwa pamoja na lenzi ya 24 hadi 70 ya f/2.8 hufika karibu kilo moja na nusu. Baada ya saa mbili ukumbini bega langu lilikuwa limelihisi hilo, na ninajijua kwamba zipo siku ambazo kamera nzito ningeiacha nyumbani.

Wapo watu ambao ningewaambia wainunue bila kusita. Anayelipwa kupiga harusi anahitaji bodi inayoandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu kadi moja ikifa usiku ule hakuna fedha inayoweza kuwarudisha wale watu wote mahali pale wakiwa na furaha ileile. Hoja hiyo naiheshimu kuliko hoja yoyote ya ubora wa picha, na bodi nyingi ndogo hazina nafasi ya kadi ya pili. Anayefanya kazi gizani kila juma, ambaye tayari ana lenzi za f/1.8 au f/1.4 na bado anakwama, huyo amekwisha kuutumia mwanga wote ambao lenzi inaweza kumpa. Kwake zile mara 2.4 ndizo zilizobaki, nazo zina thamani. Na anayeitaka kwa sababu anakipenda chombo kizuri mkononi, naye ana fedha yake isiyodaiwa na mtu, hana haja ya kutafuta visingizio vya kitaalamu. Kupenda kukishika chombo humfanya mtu atoke nacho mara nyingi zaidi, na hilo lina faida yake katika picha.

Kwa upande wangu uamuzi umekuwa wa sehemu mbili. Kwanza ninanunua lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 kwa kamera niliyo nayo. Nimechagua iliyo na mota ya fokasi ndani yake, kwa sababu watengenezaji waliohamia kamera zisizo na kioo hutoa adapta za kufungia lenzi za zamani. Jambo hilo linawezekana kwa kuwa nafasi kati ya mdomo wa lenzi na kihisi imepungua sana: kwa Nikon ilikuwa milimita 46.5 katika mfumo wake wa kufungia lenzi uitwao F, wa mwaka 1959, na ikawa 16 katika mfumo wa Z wa mwaka 2018, na kwa Canon kutoka 44 hadi 20. Adapta hujaza pengo hilo. Si lenzi zote za zamani zinazoendelea kulenga zenyewe zikiwa juu ya adapta, na zile zisizo na mota ya ndani ndizo zinazoachwa nyuma mara nyingi, kwa hiyo ni vyema kulithibitisha hilo kabla ya kulipa.

Sehemu ya pili ni bodi isiyo na kioo yenye kihisi kidogo na fokasi inayofuata jicho, nitakayoinunua nikishaona lenzi mpya imeyafikisha wapi yale matatizo ya mwanga. Nikipata iliyokwisha kutumika na shata yake haijachoka, nitaichukua hiyo, maana mfumo wa kulenga hauchakai kwa kutumiwa. Bodi ya zamani sitaiuza. Itabaki na lenzi ya 18 hadi 55 kwa ajili ya picha pana za ukumbi mzima, ili nisilazimike kubadilisha lenzi gizani wakati mchezaji ameshaanza kuzunguka.